Posho ya mtunzaji Uingereza: nani aombe, na nani atapungukiwa?

Barua ya mama ilifika wiki tatu baada ya ile ya dada yangu. Ya dada ilikuwa njema: amekubaliwa posho ya mtunzaji, kwa sababu kila siku anatoka kwake kwenda kwa mama, kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa na kumlaza. Ya mama ilisema Pension Credit yake, ile fedha ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, imepunguzwa, na kiasi alichopunguziwa kilikuwa karibu sawasawa na kile alichopewa dada. Kumbe kwa dada mwenyewe, posho hiyo ilikuwa imeshakatwa yote kwenye Universal Credit yake, yaani msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo. Tukakaa jikoni kwa mama, barua zote zimetandazwa mezani, naye akauliza: "Sasa wanangu, hii pesa imeongezeka au imepungua?"

Tulipopiga hesabu, ilikuwa imepungua. Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kujaza fomu. Tulichokosea ni kumhesabu dada peke yake, wakati benefiti za Uingereza zimeshonwa pamoja: ukivuta uzi kwa mtoto, nguo inakunjamana kwa mama. Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu, uwafae wanaofikiria kuomba kabla hawajabonyeza kitufe cha mwisho. Viwango vyote nilivyotumia ni vya mwaka wa fedha 2025/26. Kila Aprili vinabadilika, lakini jinsi vinavyogusana haibadiliki sana.

Njia mbili zinazofanana majina

Watu wetu wakisema "nalipwa kwa kumtunza mama" wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni Carer's Allowance, posho inayojitegemea. Cha pili ni nyongeza ya mtunzaji iliyomo ndani ya Universal Credit. Masharti ya mwanzo yanafanana: uwe unamtunza mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, na huyo mtu awe anapokea benefiti ya ulemavu inayotambuliwa, kama Attendance Allowance kwa wazee, PIP sehemu ya maisha ya kila siku kwa watu wazima, au DLA ya mtoto sehemu ya matunzo, kiwango cha kati au cha juu. Hiyo benefiti ya ulemavu yenyewe haiguswi hata peni moja kwa sababu wewe umeomba. Hofu hiyo naisikia mara nyingi, nayo iondoke. Kinachoweza kuguswa ni kingine, nitakifikia.

| | Posho ya mtunzaji | Nyongeza ndani ya Universal Credit |
|---|---|---|
| Kiasi | Pauni 83.30 kwa wiki | Pauni 201.68 kwa mwezi |
| Akiba yako benki | Haiulizwi | Ikizidi pauni 16,000 hupati Universal Credit |
| Mshahara wa mume au mke | Hauulizwi | Unahesabiwa |
| Mshahara wako | Ukizidi pauni 196 kwa wiki, unakosa yote | Hakuna kikomo. Malipo hupungua polepole |
| Kodi ya mapato | Posho inahesabiwa | Haihesabiwi |

Wengi hulitazama jedwali kama hili wakachagua upande wenye namba kubwa. Pauni 83.30 kwa wiki ni sawa na pauni 360.97 kwa mwezi, inayoshinda 201.68 waziwazi. Lakini kama tayari uko kwenye Universal Credit, ushindi huo haupo.

Ukiwa tayari unapokea Universal Credit

Ukiomba posho juu ya Universal Credit, ofisi inaihesabu kama mapato na kukata pauni kwa pauni. Utapewa 360.97 na utakatwa 360.97. Kinachobaki mkononi ni ile nyongeza ya 201.68, ambayo ungeipata hata bila kuomba posho, kwa kuarifu tu kupitia akaunti yako ya mtandaoni kwamba unamtunza mtu.

Kuna jambo dogo hapa linalowachanganya watu. Posho hulipwa kila wiki nne, yaani pauni 333.20 kwa mkupuo, ila Universal Credit inakata 360.97 kila mwezi. Ukilinganisha malipo mawili utaona kama unaibiwa pauni 27. Huibiwi: mwaka una malipo 13 ya wiki nne na miezi 12, mwishoni yanalingana. Ila kwa mwenye bajeti ya kubana, ile tofauti ya kila mwezi inauma kweli.

Je, kuomba vyote viwili kuna faida gani basi? Kidogo ipo. Posho inakujazia rekodi ya bima ya taifa (National Insurance) kwa daraja la kwanza, na Universal Credit kwa daraja la tatu. Kwa pensheni ya uzeeni zote zinahesabika kuelekea ile miaka 35 inayotakiwa ili kupata pensheni kamili. Posho inakuja na bonasi ya Krismasi ya pauni 10. Na kama unaona Universal Credit yako iko ukingoni, labda mwenzi wako anakaribia kupandishwa cheo, au nyumba ya urithi kule Tanga inauzwa na fedha zake zitakuvusha pauni 16,000, basi posho itabaki hata Universal Credit ikikoma. Kwa mtu wa namna hiyo ningesema omba vyote. Kwa mwingine aliye kwenye Universal Credit na anayetaka kufanya kazi kidogo, ningemwambia abaki na nyongeza peke yake, na sababu ni hii inayofuata.

Ukifanya kazi

Kikomo cha pauni 196 kwa wiki ni baada ya kutoa kodi, bima ya taifa na nusu ya michango yako ya pensheni. Kwa mshahara wa chini wa pauni 12.21 kwa saa, saa 16 zinakupa pauni 195.36, uko salama. Saa ya 17 inakufikisha pauni 207.57, na hata ukiondoa nusu ya mchango wa pensheni bado umevuka. Kwa saa hiyo moja iliyokuingizia pauni 12.21, unapoteza posho ya wiki nzima, pauni 83.30. Hakuna ngazi, ni jabali.

Ndani ya Universal Credit ni mteremko. Pauni moja ya ziada inakupunguzia peni 55, unabaki na peni 45. Na ukiwa na watoto, sehemu ya kwanza ya mshahara wako haiguswi kabisa. Nyongeza ya mtunzaji haina kikomo chake cha mshahara, mradi saa 35 za kutunza zipo kweli.

Maelfu ya watunzaji waliangukia kwenye lile jabali bila kujua, wakadaiwa fedha za miaka. Serikali ilimpa Liz Sayce kazi ya kuchunguza madeni hayo mwaka 2024, na ripoti yake ya Novemba 2025 ilionyesha kwamba hata mwongozo wa ofisi wa kukokotoa wastani wa mapato yanayopanda na kushuka ulikuwa na kasoro. Dada zetu wengi hufanya kazi za zamu kwenye nyumba za wazee, wiki hii saa 12, wiki ijayo 20. Ukiwa hivyo na unapokea posho, piga simu au andika kila mshahara unapobadilika, na uhifadhi ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mama anaishi wapi, na anapokea nini?

Hapa ndipo palipotuumiza sisi, na ndipo ningetaka usome taratibu.

Mzee anayeishi peke yake, anayepokea Attendance Allowance na pia Pension Credit, huongezewa fedha kwa ajili ya ulemavu mkubwa: pauni 82.90 kwa wiki. Serikali inampa hizo kwa hoja kwamba hana mtu nyumbani wala mtunzaji anayelipwa kwa ajili yake. Mtu yeyote akianza kulipwa posho kwa kumtunza, au akipewa ile nyongeza ndani ya Universal Credit, hoja imekufa na pauni 82.90 zinaondoka.

Hesabu yetu jikoni ilikuwa hivi. Dada, kwa kuwa yuko Universal Credit, alipata faida halisi ya pauni 201.68 kwa mwezi. Mama alipoteza pauni 82.90 kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni 359.23. Familia ilipungukiwa pauni 157.55 kila mwezi, karibu 1,890 kwa mwaka, kwa sababu tuliomba haki yetu. Mama alikuwa akitumia fedha hizo kwa teksi ya kliniki na kumlipa kijana wa kumsukumia kiti Ijumaa. Mambo hayo yalikoma mara moja.

Na ingekuwa mbaya zaidi kama mama angekuwa anapata Pension Credit kwa sababu tu ya ile nyongeza ya ulemavu. Ikiondoka, na Pension Credit nzima ingeondoka, pamoja na vile vinavyoifuata: msaada kamili wa kodi ya nyumba, punguzo la kodi ya kaunsili, na leseni ya televisheni ya bure kwa mwenye miaka 75.

Sasa tuangalie familia nyingine. Binti hayuko Universal Credit. Mumewe ana mshahara mzuri, yeye anafanya kazi saa chache. Akiomba posho anapata pauni 83.30, mama anapoteza 82.90. Faida ni peni 40 kwa wiki, na posho inaingia kwenye hesabu ya kodi yake ya mapato. Hapo kinachotokea ni kuhamisha fedha kutoka mkoba wa mama kwenda mkoba wa binti. Kuna familia ambazo hilo linawafaa. Kwangu mimi, mzee asinyang'anywe fedha anazozitawala mwenyewe pasipo yeye kuulizwa.

Familia ya tatu: bibi anaishi nyumba moja na binti yake, kama wengi wetu tunavyoishi. Hapo ile nyongeza ya ulemavu mkubwa kwa kawaida hana tangu mwanzo, kwa sababu kuna mtu mzima mwingine ndani. Hakuna cha kupoteza. Binti aombe leo. Inaniumiza sana kuwaona watu wa namna hii wamekaa miaka bila kuomba kwa sababu walisikia habari ya mama yangu au ya mtu kama yeye, wakadhani ni ya kila mtu. Vilevile kwa anayemtunza mtoto wake mwenye ulemavu: mtoto hapotezi chochote. Na kwa anayemtunza mume aliye kwenye Universal Credit pamoja naye, mume anaweza kuwa na fungu lake la ugonjwa na mke akawa na nyongeza yake ya kutunza. Kisichowezekana ni mtu mmoja kupewa fungu la ugonjwa na la kutunza kwa pamoja; atapewa lile kubwa.

Na kuna familia ya nne, ambayo inapindua mizani yote. Familia yenye watoto kadhaa na kodi kubwa ya nyumba inaweza kuwa imekatwa na kikomo cha benefiti: pauni 25,323 kwa mwaka ndani ya London, 22,020 nje yake. Mtu akipata posho au nyongeza ya mtunzaji, kikomo hicho hakimhusu tena. Kwa familia hiyo, fungu dogo la pauni 201.68 linaweza kurudisha mamia mengine yaliyokuwa yanakatwa kila mwezi. Hata mama akipungukiwa 359, familia inaweza kuwa mbele, na mama akafidiwa na wanawe wenyewe kwa makubaliano.

Ndugu yupi aombe?

Mtunzwa mmoja ana mlipwaji mmoja tu. Mkiwa watoto watatu mnapokezana kumuuguza baba, ni mmoja tu anayeweza kulipwa kwa ajili yake, na lazima huyo mmoja awe anafikisha saa 35 yeye mwenyewe. Kwa kawaida fomu hujazwa na yule anayejua Kiingereza zaidi au mwenye haraka zaidi. Nadhani hiyo ni njia mbaya ya kuchagua.

Aliye kwenye Universal Credit ataongeza pauni 201.68 kwa mwezi. Asiye kwenye Universal Credit na mwenye mshahara chini ya kikomo ataongeza 360.97, kabla ya kodi. Mwanafunzi wa muda wote hapewi posho huko England, Wales na Ireland Kaskazini, akiwa na masomo ya saa 21 au zaidi kwa wiki. Scotland ni habari nyingine: huko posho ya zamani imerithiwa na Carer Support Payment, iliyoenea nchi nzima Novemba 2024. Wanafunzi wengi wamefunguliwa mlango, na watunzaji huongezewa fedha ambazo kusini ya mpaka hazipo.

Halafu kuna mtu ambaye familia humsahau kwa sababu amezeeka: shangazi, mama mdogo, au mume wa mgonjwa mwenyewe, anayepokea pensheni ya serikali. Posho na pensheni hazilipwi kwa pamoja. Pensheni ikizidi pauni 83.30, ombi la posho litajibiwa kwamba una haki ila hulipwi. Barua hiyo inaonekana kama ya kukataliwa, nayo ni ya thamani. Kwanza, kwa kuwa hakuna anayelipwa posho, pauni 82.90 za mgonjwa zinabaki salama. Pili, huyo mzee mtunzaji akiwa kwenye Pension Credit, ataongezewa hadi pauni 46.40 kwa wiki kwa ajili ya kutunza. Na hata asiyekuwa nayo, nyongeza hiyo inaweza kumvusha mstari akaipata.

Kuna kina mama wanaoona aibu kuomba, wakihofia kuambiwa na shemeji zao kwamba wanalipwa kumtunza mkwe. Posho hii ilipoanza mwaka 1976, mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuiomba kabisa, kwa hoja kwamba angekuwa nyumbani tu. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi mwaka 1984 kumuuguza mama yake, alipeleka shauri hadi Mahakama ya Ulaya na akapata haki yake mwaka 1986. Jirani yangu, baada ya kusikia kisa hicho, alijaza fomu jioni ileile.

Machache ya kuangalia kabla

Kama viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, usiombe posho wala Universal Credit. Zote mbili zimo kwenye orodha hiyo, na kosa hapa linaweza kuharibu kibali chako. Mume na mke wenye hadhi tofauti za ukaazi wamwone kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Ukisafiri nyumbani, posho inakuruhusu mapumziko ya hadi wiki 4 katika kila wiki 26, na Universal Credit kwa kawaida mwezi mmoja. Safari ya miezi mitatu ya Mombasa ni lazima iarifiwe.

Ukiamua kutoomba ili kulinda fedha za mama, pensheni yako ya baadaye isisahaulike. Kuna Carer's Credit, inayojaza rekodi ya bima ya taifa kwa anayetunza saa 20 au zaidi kwa wiki. Haina fedha ndani yake, na haimgusi mama. Na kama uko Universal Credit, mweleze mshauri wako wa kazi kwamba bado unatunza saa 35: kinga ya kutolazimishwa kutafuta kazi inafuata ile kazi ya kutunza, hata kama huchukui nyongeza.

Kisha mpeleke mzee, au barua zake, kwa Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au piga simu Carers UK, shirika la watunzaji, wawahesabie nyote wawili kwa pamoja. Sema neno hilo: kwa pamoja. Ukienda na barua zako peke yako utahesabiwa wewe peke yako.

Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumeshachelewa. Dada aliachia posho na kuomba nyongeza ya mtunzaji iondolewe, na nyongeza ya mama ikarudi. Kisha tukamtazama mama mdogo, mwenye miaka 68, anayeishi mitaa miwili kutoka hapo na anayeshinda kwa mama kutwa nzima, dada akiwa wa alfajiri na usiku. Miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kwamba naye anatunza. Tukamjazia fomu. Mwezi uliofuata alinitumia picha ya barua kwenye simu, na sauti yake ikiwa chini: "Mwanangu, wamenikatalia. Wamesema nina haki lakini hawanilipi."

Nikampigia papo hapo. "Mama mdogo, usiitupe. Hiyo ndiyo barua tuliyokuwa tunaisubiri."